KUPIMA MWENDO WA MGONJWA: VIPIMO VYA ULEMAVU KATIKA MALTIPO SKLEROSISI NA SUALA LA LUGHA

Utangulizi

Swali fupi kama "Je, waweza kutembea?" huonekana jepesi, na kila ajuaye Kiswahili hudhani amelielewa. Lakini likiulizwa hospitalini, jibu lake likaandikwa kwa tarakimu, na tarakimu hiyo ikatumiwa katika kuamua iwapo mgonjwa aanzishiwe dawa au aachishwe, wepesi wake hutoweka. Yapasa ijulikane kwanza 'kuweza' ni nini, na 'kutembea' ni nini.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwendo wa watu wenye ugonjwa wa maltipo sklerosisi unavyopimwa, na kuonyesha kwamba kila kipimo, hata kile kitumiacho saa na futi, kimejengwa juu ya maneno. Matabibu wamekwisha kuifanya sehemu yao ya kazi kwa muda mrefu. Sehemu iliyobaki, yaani kuvitia vipimo hivyo katika Kiswahili bila ya kuvipotosha, ni kazi ya wataalamu wa lugha, nayo si kazi ya kupamba tu: neno moja likikosewa, mgonjwa hupanda au hushuka ngazi nzima ya ulemavu hali miguu yake haikubadilika.

1. Ugonjwa na mwendo

Katika maltipo sklerosisi, kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, huushambulia utando uitwao mielini, ambao huzizunguka nyuzi za neva katika ubongo na uti wa mgongo. Pale utando unapoharibika hubaki makovu magumu, na hapo ndipo lilipotoka jina: 'sklerosisi' ni ugumu, na 'maltipo' ni kwa kuwa makovu hayo ni mengi na yametawanyika. Jean-Martin Charcot, daktari wa Kifaransa katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, ndiye aliyeueleza ugonjwa huu kwa utaratibu mnamo mwaka 1868.

Aghalabu ugonjwa huanza kati ya umri wa miaka 20 na 40, nao huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba watu wapatao milioni 2.8 ulimwenguni walikuwa nao. Wengi wako Ulaya ya kaskazini na Amerika ya kaskazini. Katika nchi za ikweta ni nadra. Kwa sababu hiyo, vipimo vingi vilitungwa huko, na vikatungwa kwanza kwa Kiingereza. Lakini nadra si kutokuwapo. Wagonjwa wapo Afrika ya Mashariki, na hali kadhalika wapo wasemaji wa Kiswahili waishio Uingereza, Kanada na Skandinavia, ambako ugonjwa huu ni wa kawaida zaidi.

Mwendo huharibika kwa njia nyingi. Mgonjwa mmoja huishiwa na nguvu za mguu. Mwingine misuli yake hukakamaa. Wa tatu hupoteza ulinganifu wa mwili kwa kuwa sehemu ya nyuma ya ubongo imedhurika. Wa nne nyayo zake hufa ganzi hata asijue amekanyaga nini. Juu ya hayo upo uchovu usiolingana na kazi iliyofanywa. Tena joto huzidisha dalili kwa muda, jambo lililoelezwa na daktari wa Kijerumani, Wilhelm Uhthoff, mwaka 1890. Hivyo mtu aliyepimwa asubuhi penye ubaridi si lazima awe na mwendo ule ule adhuhuri ya jua kali.

2. Kipimo cha Kurtzke

Kipimo kitumiwacho zaidi ni kile cha John Kurtzke, daktari wa neva wa Marekani. Alikitoa kwanza mwaka 1955, kisha akakipanua mwaka 1983. Huanzia 0, yaani uchunguzi wa neva usioonyesha kasoro, na kuishia 10, yaani kifo kilichosababishwa na ugonjwa huo. Ngazi hupanda kwa nusu nusu, isipokuwa hakuna 0.5.

Ngazi za chini, mpaka 3.5, hutegemea hasa uchunguzi wa mifumo ya mwili: nguvu, ulinganifu, hisi, macho, kibofu na kadhalika. Kuanzia 4.0 mwendo ndio utawalao. Mtu wa 4.0 huweza kwenda kiasi cha mita 500 bila msaada na bila kupumzika; wa 4.5 mita 300, wa 5.0 mita 200, wa 5.5 mita 100. Mtu wa 6.0 huhitaji fimbo, gongo au kitu kama hicho upande mmoja ili aende kiasi cha mita 100. Wa 6.5 huhitaji egemeo pande zote mbili ili aende mita 20. Wa 7.0 hawezi kupita mita 5 hata akisaidiwa, na maisha yake yamo katika kiti cha magurudumu, ingawa aweza kukiendesha mwenyewe. Toka 8.0 kwenda juu, swali si miguu tena bali ni mikono, kula na kuzungumza.

Kipimo hiki kimedumu kwa kuwa kinafahamika kila mahali. Hata hivyo kina kasoro zilizokwisha kujadiliwa sana. Kwanza, tarakimu zake ni za mpangilio tu: haifai kudhani kwamba toka 4 hadi 5 ni sawa na toka 6 hadi 7. Pili, mtu aliyepoteza ustadi wa mikono au wepesi wa kufikiri aweza kubaki pale pale maadamu miguu yake haikubadilika.

Kasoro ya tatu ni ya lugha, nayo huonekana pale kipimo kinapotafsiriwa. Tofauti kati ya 5.5 na 6.0 yakaa katika neno 'msaada'. Katika Kiswahili, msaada aghalabu hutoka kwa mtu. Mzee ashikaye bakora, akiulizwa, "Mzee, wahitaji msaada unapotembea?" atajibu kwa fahari, "La, natembea mwenyewe," na atakuwa amesema kweli. Bakora yake haikumsaidia. Ni yake, tena kwa mwanamume wa makamo ni pambo la heshima. Mwuulizaji akiandika 5.5 badala ya 6.0, mzee hakudanganya; aliyekosa ni mfasiri. Lingetumika neno 'egemeo', au swali likawa "Je, washika au waegemea kitu chochote?", kosa lingeepukika. Kwa upande mwingine, marafiki wawili wa pwani huweza kwenda wameshikana mikono kwa mapenzi tu, na yapasa kuuliza kama mkono ule ni desturi au ni nguzo.

3. Vipimo vya saa na umbali

Kwa kuwa ngazi za Kurtzke ni pana, vilitungwa vipimo vya kuhesabu. Kimoja ni mwendo wa futi 25, yaani mita 7.62. Mgonjwa huambiwa aende upesi kadiri awezavyo bila kujihatarisha; huenda mara mbili, na wastani wa muda huandikwa. Kipimo hiki kiliingizwa katika mkusanyiko wa vipimo vitatu uliotungwa Marekani katika miaka ya 1990, pamoja na kipimo cha mikono na cha kufikiri. Kwa kawaida muda ukibadilika kwa asilimia 20 huhesabiwa kuwa badiliko lenye maana. Dawa ya fampridini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa ajili ya kuboresha mwendo, ilithibitishwa kwa kipimo hiki hiki.

Kingine ni mwendo wa dakika 6, uliotumiwa kwanza kwa wagonjwa wa moyo na mapafu. Mgonjwa huenda na kurudi katika ukumbi, na umbali wote hupimwa. Futi 25 huonyesha wepesi. Dakika 6 huonyesha ustahimilivu.

Mtu angeweza kudhani kwamba saa haina lugha. Lakini kabla ya saa kuanza, agizo hutolewa, na agizo ni maneno. Akiambiwa "Nenda mbio," mgonjwa aweza kujaribu kukimbia akaanguka, au akakataa kwa kuwa kukimbia hakuwezi. Akiambiwa "Fanya haraka," atasikia karipio, kwani haraka katika Kiswahili ina lawama ndani yake, na methali isemayo kwamba haina baraka inajulikana na kila mtoto. Neno 'upesi' lafaa zaidi. Hatari kubwa zaidi ni upole wa wahudumu wenyewe. Muuguzi mwenye adabu, amwonapo mama akiyumba, humwambia, "Pole pole, mama." Ni maneno mema, lakini kwa wakati ule yanalibatilisha agizo: mama hupunguza mwendo kwa utii, na saa huandika ulemavu ambao sehemu yake ni adabu.

4. Hojaji ya maswali 12

Mwaka 2003 Jeremy Hobart na wenzake wa Uingereza walichapisha hojaji yenye maswali 12 kuhusu mwendo, ambayo mgonjwa hujijibia mwenyewe. Maswali huhusu wiki mbili zilizopita, nayo hugusa mambo kama kukimbia, kupanda ngazi, kusimama, kujishikiza ndani na nje ya nyumba, jitihada inayohitajika, na haja ya kuukazia akili mwendo wenyewe. Kila swali hujibiwa kwa daraja toka 1 hadi 5, na jumla hugeuzwa kuwa tarakimu kati ya 0 na 100. Kadiri tarakimu inavyozidi, ndivyo mwendo ulivyoharibika.

Hojaji hii ilileta jambo jipya la thamani: shahidi wa mwendo ni yule mwenye miguu. Daktari haoni kwamba mgonjwa, kabla ya kuvuka chumba, huhesabu viti atakavyovishika. Lakini hapa mzigo wote umewekwa juu ya lugha, na Kiswahili kina mitego mitatu.

5. Mtego wa kwanza: kitenzi 'kutembea'

'Kutembea' ni kwenda kwa miguu, lakini pia ni kuzuru na kujiburudisha, kama katika "Jirani amekuja kutembea." Kutokana na maana hiyo ya pili tumepata 'matembezi' na 'kutembelea'. Tena 'kutembea na mtu' huweza kutajwa kwa maana isiyosemwa mbele ya wakwe. Mwanamke wa makamo wa Mombasa au Lamu, akiulizwa kama ugonjwa umempunguzia kutembea, huenda akajibu, "Siku hizi sitembei, nipo nyumbani tu." Anaeleza kwamba haendi tena kwa majirani, pengine kwa sababu ya kibofu na wala si miguu. Jibu ni la ujirani. Litaandikwa kuwa ni la miguu. Kwa hiyo 'kwenda kwa miguu' lafaa kuliko 'kutembea' katika maswali ya namna hii.

Hata hivyo, lugha hii iliyo na mtego ina pia hazina. Kiingereza cha hojaji huuliza namna ya mwendo kwa vielezi. Kiswahili kina vitenzi kamili:

(a) kuchechemea, ambako baadhi ya wasemaji huita kuguchia au kuchopea: mguu mmoja haubebi uzito sawa na wa pili;
(b) kuburura mguu: wayo hauinuki, na ncha yake hukwaruza ardhi;
(c) kupepesuka na kuyumba: mwili hauna ulinganifu;
(d) kutagaa: kwenda kwa kuipanua miguu ili mwili usianguke;
(e) kujikongoja: kwenda kwa shida, hasa kwa kutegemea fimbo, na ndipo fimbo hiyo ikaitwa mkongojo;
(f) kuambaa ukuta: kwenda kwa kuufuata ukuta, kama chombo kinavyoambaa pwani;
(g) kusota na kutambaa: miguu imekwisha kushindwa.

Tabibu asikiaye kwamba mgonjwa huburura mguu amekwisha kuelekezwa kwenye udhaifu au ukakamavu. Akisikia kwamba hutagaa, ameelekezwa kwenye ulinganifu. Na 'kuambaa ukuta' lataja kwa maneno mawili jambo ambalo maswali ya kiegemeo hulitafuta kwa sentensi ndefu, yaani hali ya yule asiye na fimbo lakini hawezi kuuacha ukuta.

Tahadhari ni moja. Vitenzi vingine vimebeba hukumu. Kupepesuka ni mwendo wa mlevi katika masikio ya watu wengi, na mwenye ugonjwa huu hushukiwa ulevi barabarani na hata kazini. Aulizwapo, "Je, wapepesuka?" atakana, hasa akiwa mtu wa dini, hali ndivyo alivyo. Ni bora kuulizwa kama mwili humvuta upande asiokusudia.

6. Mtego wa pili: adabu ya majibu

Katika Kiswahili, aulizwaye "Hujambo?" hana budi kujibu "Sijambo," hata akiwa kitandani; ugonjwa hutajwa baadaye, tena kwa kupunguzwa. "Naumwa kidogo" si taarifa ya kiasi cha maumivu. Ni namna ya kutomtwisha msikilizaji mzigo. Basi mgonjwa awekewapo madaraja matano, tuseme 'hata kidogo', 'kidogo', 'kiasi', 'sana' na 'kupita kiasi', neno 'kidogo' humvuta kwa nguvu isiyokuwamo katika hojaji ya asili. Mwingine, kwa kuhofia kukufuru, hatachagua 'kupita kiasi' kamwe. Katika madaraja matano, mawili yamekwisha kuharibika.

Dawa yake ni kuyafunga madaraja kwenye mambo yaonekanayo badala ya vielezi vya kiasi: siku ngapi katika wiki, mara ngapi kwa siku, kutoka wapi hadi wapi. Umbali nao wataka uangalifu. "Si mbali" na "hapo tu" si vipimo, na watu wengi, wa lugha yoyote, hawakadirii mita kwa usahihi. Inafaa kutaja kitu kijulikanacho, mathalan urefu wa uwanja wa mpira, ambao hukaribia mita 100, na pale iwezekanapo kupima kwa hakika.

7. Mtego wa tatu: 'kuweza' na 'ulemavu'

Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitoa uainishaji uliotofautisha hitilafu ya kiungo, upungufu wa uwezo utokanao na hitilafu hiyo, na kikwazo ambacho mtu hukipata katika jamii. Kiswahili cha kila siku huyaita yote matatu 'ulemavu'. Uainishaji wa mwaka 2001, uliochukua nafasi ya ule, ulitofautisha kile ambacho mtu aweza kukifanya katika mazingira sawa na kile akifanyacho hasa katika mazingira yake.

Tofauti hii ya pili Kiswahili kinaimudu vizuri. "Aweza kwenda mita 500" ni uwezo; "huenda mita 500" ni mazoea, na kiambishi hu- hakihitaji maelezo. Mgonjwa aweza kuzimaliza mita 500 katika ukumbi wa hospitali wenye sakafu laini na kivuli, lakini haendi mita 100 kwao, kwa kuwa njia ni tope, jua ni kali na hakuna pa kuketi. Kipimo cha Kurtzke chataka jibu la kwanza. Maisha yake ni jibu la pili. Tafsiri isiyochagua kati ya aweza na hu- itachanganya majibu mawili katika tarakimu moja.

Zaidi ya hayo, Kiswahili kina kauli ya kutendeka, ambayo huuhamisha upungufu kutoka kwa mtu na kuuweka mahali unapostahili. "Njia haipitiki," "ngazi hizi hazipandiki": hapa mwenye kasoro ni njia na ngazi. Mawazo ambayo wataalamu wa ulemavu waliyafikia baada ya mabishano marefu yamekaa siku zote katika mnyambuliko wa kitenzi. Hojaji ya Kiswahili itakayoacha kuuliza kama njia hupitika itakuwa imeitupa nyenzo ambayo lugha nyingine hazina kwa wepesi huo.

Kuhusu majina ya watu wenyewe, suala la ngeli lafahamika. Kiwete, kipofu, kiziwi na kilema yameumbwa kwa ki-, na ijapokuwa upatanisho wake katika sentensi sanifu ni wa viumbe hai, wengi huyasikia kuwa yanamshusha mtu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutajwa na kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Uchaguzi wa jina katika hojaji, basi, si wa ladha tu. Una uzito wa sheria.

Tamati

Imeonekana kwamba vipimo vya mwendo katika maltipo sklerosisi ni vya namna tatu: ngazi za tabibu, saa na umbali, na ushahidi wa mgonjwa. Kila kimoja huona ambacho kingine hakioni, na havifai kutumiwa kimoja kimoja. Imeonekana pia kwamba vyote hupitia katika maneno, na kwamba maneno 'msaada', 'kutembea', 'haraka', 'kidogo' na 'kuweza' yatosha kumhamisha mgonjwa kutoka ngazi moja hadi nyingine.

Utaratibu wa kutafsiri hojaji za tiba unajulikana: wafasiri wawili wafanye kazi mbali mbali, tafsiri zilinganishwe, mwingine asiyeiona hojaji ya asili airudishe tafsiri katika lugha yake ya kwanza, kisha wagonjwa waulizwe jinsi walivyoyaelewa maswali. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyo kubwa kuliko zote, na ndiyo hurukwa kwa urahisi. Tafsiri yaweza kurudi katika Kiingereza bila doa, hali mama wa Lamu angali anajibu juu ya majirani.

Idara za lugha zina watu wanaojua kwamba 'kutembea' si neno moja, na wanaoweza kwenda Mombasa, Bungoma au Kisumu kusikiliza wagonjwa wanautajaje mwendo wao. Matabibu hawana muda huo wala mafunzo hayo. Pale pande hizi mbili zitakapokaa meza moja, mgonjwa aulizwapo swali fupi kuhusu miguu yake atapimwa miguu, na si uelewa wake wa Kiswahili cha mfasiri.